Vita Ulivyopigana

Fomu imetoka London, ina nembo na mistari,
na mstari wa sita unaniuliza:
vita ulivyopigana.
Nimechonga penseli mara mbili.
Chai imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.

Andika basi, Idwal Prosser: meli ilikuwa Cothi,
jina la mto wa kwetu unaovukwa na kondoo.
Iliundwa vita vikiwa vinakata roho,
rangi haijakauka, amani ikatangazwa,
ikabaki kama mgeni aliyefika harusini
akakuta masufuria yanaoshwa.
Miaka minane ilifungwa topeni Falmouth,
shakwe wakitaga mayai kwenye mizinga.

Kisha wakaja watu wa miwani na rula.
Waling'oa mizinga, wakatupa viota,
wakasimika sitahani reli ndefu iliyoelekea mbinguni
kama ngazi iliyosahauliwa na fundi.
Nyuma wakajenga chumba kisicho na dirisha,
humo nikawekwa mimi, umri miaka ishirini na miwili:
kiti cha chuma, saa ya ukutani, daftari.
Kazi yangu namba, saa, upepo, matokeo.
Matokeo yalikuwa matatu tu:
limepiga, limekosa, limepotea.

Siku za kurusha, bendera nyekundu ilipanda Aberporth,
na wavuvi wa kambakoche, waliozuiwa kutoka,
walitutukana gatini kwa Kiwelisi,
lugha ya mama yangu.
Melini nilikuwa peke yangu niliyeelewa kila neno.

Kombora la kwanza lilitoka kwenye reli,
likainama, likaingia majini taratibu
kama mtu aliyechelewa ibada.
La kumi na tisa lilipasua ile ndege isiyo na rubani;
Sproat, mpishi, akatugawia pudingi ya zabibu.
Nahodha Wetherall hakuigusa.
Alisema: rudieni.

La arobaini na moja.
Machi, upepo wa kaskazini magharibi, saa nne na dakika sita.
Lilipanda vizuri, wanasema, kisha likageuka
kana kwamba limeitwa jina.
Likatupita juu. Mimi sikuliona.
Nilisikia kimya tu, kimya cha watu themanini
waliowakumbuka mama zao kwa mpigo mmoja.
Halafu mshindo, upande wa pwani.
Nahodha aliniinamia begani: andika limepotea.
Nikaandika.

Halikupotea.
Jioni Tegwyn Beynon alikuja na mashua yake,
akapanda ngazi ya kamba, karatasi mdomoni:
madema kumi na moja, maboya, kamba za katani.
Mkalimani nilikuwa mimi. Matusi sikuyatafsiri.
Wizara ilijibu baada ya miezi mitano.
Ililipa madema tisa.
Mawili, ilisema, hayana ushahidi.

Baadaye kombora lilihitimu, likahamia meli za kifahari.
Cothi ikawa bweni la makuruta,
ikawa ghala la magodoro,
ikawa namba kwenye orodha.
Nilipanda basi hadi Briton Ferry kuiona ikikatwa.
Kijana mmoja alifika kwenye chumba changu na moto wa gesi,
akatoboa ukuta, bamba likaanguka,
na jua likaingia, mara ya kwanza,
likakaa palipokuwa na kiti changu.

Akafunua kinyago, akaniuliza: hii iliwahi kuua?
Hapana, nilimjibu, hata mtu mmoja,
na sauti ikanitoka na aibu ambayo sikuitarajia.
Maana yale yaliyojifunza kuruka kwenye reli yake
yalikwenda wapi, yakamwangukia nani,
daftari langu halikuyafuata.

Mstari wa sita.
Naandika: hakuna.
Nafuta, karatasi inachubuka.
Naandika tena, kwa herufi kubwa ili waione:
madema mawili ya Tegwyn Beynon
bado mnadaiwa.